Nembo Niliyompa Mtani Wangu

Wapo watu wanaosimulia ujana wao huku wanacheka. Mimi nikifika kwenye habari za magari nanyamaza, na mke wangu akiniuliza nawaza nini namwambia mgongo unauma. Leo nitasema. Nilimharibia rafiki yangu posa, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa kipande cha nembo kisichozidi kidole gumba. Na miaka yote hii nimekuwa nikijitetea kwamba ulikuwa utani.

Nianze na magari yenyewe, maana bila hayo hamtauelewa ujinga wetu.

Sisi tulikulia kwenye foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano ambao ukishaupika unaujutia. Nilikuja Dar kutoka Songea na raba mtoni miguuni, nikakuta wenyeji nao wanazo, nikafarijika. Halafu ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, makontena yakaanza kushuka bandarini, na Kariakoo iliyokuwa na rafu tupu ikajaa mpaka vitu vikamwagika barabarani. Mimi nikaanza kuuza viatu vya mitumba Mchikichini, robota moja, baadaye matatu, baadaye nikawa na meza mbili na kijana wa kuzipanga. Rafiki yangu alikuwa Kariakoo, anauza redio kaseti katika nusu ya duka, nusu nyingine anayo fundi cherehani. Yeye Mhehe wa Iringa, mimi Mngoni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuitana majina. Yeye aliniita mtani, nami nikamwita mtani.

Asiyejua utani nimweleze kidogo. Babu zetu walipigana vita, wakauana, kisha wakapatana, na toka hapo Mngoni na Mhehe wana ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana vitu bila mtu kununa. Mtani akija kwenye harusi yako anaweza kubeba sufuria ya pilau akadai akombolewe. Akija msibani anaweza kulala mbele ya jeneza akasema marehemu haendi popote mpaka watu wamtulize. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye umekosa. Hiyo ndiyo sheria, na mimi niliipenda sana, kwa sababu mdomo wangu tangu utotoni haukuwa na breki.

Basi tulipoanza kushika hela kidogo, badala ya kujenga kama watu wenye akili, tukanunua magari ya spoti. Ya milango miwili, mitumba ya Japani, tumbo chini kabisa. Barabara za Kariakoo wakati ule zilikuwa na mashimo ya kumwogeshea mtoto. Kila shimo tulilivuka kwa kuvizia, upande upande, huku wabeba mizigo wakitupita na mikokoteni yao na kutuuliza kama tumeishiwa mafuta. Ubavuni gari linakwaruzwa, chini linapigwa, na sisi tumekaa ndani tumenyoosha shingo. Tulijiona.

Jumapili jioni tulikutana Upanga, kwenye kona ya muuza juisi ya miwa, chini ya ghorofa alilokuwa anakaa mwenzetu wa tatu. Huyo alikuwa Mhindi, daktari wa meno, mtu mpole wa kuvaa kaptula iliyopigwa pasi. Gari lake lilikuwa jeupe, na dini yake ilikuwa moja tu: gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Hata ile stika ya Kijapani ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, ambayo hakuna aliyejua inasema nini, alikataa kuibandua. "Aliyeibandika alikuwa na sababu zake," alisema. Akiona mtu ameongeza taa moja tu ya ukungu alikunja uso kama ameonyeshwa jino bovu.

Mtani wangu alikuwa kinyume chake kabisa. Lake lilikuwa jekundu, na kila wiki liliongezewa kitu. Spoila nyuma. Ulimi wa plastiki mbele. Rimu za kung'aa. Mistari miwili ya njano ubavuni iliyochorwa na fundi wa kuandika mabango ya saluni, na mkono wa fundi ulitetemeka kidogo kwenye mlango wa kushoto. Ndani kulikuwa na zulia la manyoya juu ya dashibodi, na viti bado vimevikwa nailoni za kiwandani, kwa hiyo siku ya jua ukikaa dakika tano unainuka mgongo umelowa. Kioo cha nyuma kilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: RUKSA. Nembo ndiyo usiseme. Alizinunua kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, kama mtu anayenunua karanga. Nembo ya bendera, nembo ya mbio, nembo ya tai, nembo ya kampuni ambayo haikuhusiana kabisa na gari lile. Nilimwambia gari lake limevaa kama bibi harusi wa uswahilini, kila shangazi ameongeza chake. Akanijibu kwamba langu limenyolewa kama mwali.

Hapo alikuwa na haki, maana mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilipenda gari lisiwe na maneno. Nilikuwa nang'oa kila kilichobandikwa, naziba matundu, napiga rangi upya. Gari langu la buluu liliteleza kuanzia taa mpaka taa, hakuna herufi wala alama. Nilikuwa nasema mtu anayejua atajua, asiyejua asijue. Kumbe ndani ya moyo nilikuwa nataka wajue. Hiyo ndiyo shida ya sisi wa kujifanya hatupendi makuu: tunakaa pembeni tunasubiri kuulizwa.

Na gari langu ndilo lililokuwa na cha kuulizwa. Lilikuwa tabo. La mtani na langu yalikuwa aina moja, umbo moja, lakini yalikuja matoleo mawili: la kawaida, lenye herufi mbili ndogo nyuma, na la tabo, lenye injini ya kupuliziwa hewa na nembo nyekundu iliyoandikwa neno hilo. La tabo lilikuwa adimu. Lake lilikuwa la kawaida. Hilo tulilijua watu watatu tu, mimi, yeye na daktari.

Siku niliyoing'oa nembo yangu ya tabo, kwa uzi wa kuvulia samaki na maji ya moto, taratibu isivunjike, mtani alikuwa amekaa pembeni kwenye ndoo anakunywa juisi. Nikaishika kwenye kiganja. Akasema, "Sasa hiyo unaipeleka wapi?"

"Natupa."

"Nipe mimi basi."

Nilimpa. Sikusita hata kidogo. Aling'oa zile herufi mbili za gari lake, akaibandika nembo yangu palepale juu, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Daktari alitikisa kichwa, akasema gari sasa linasema uongo. Mtani akacheka, akasema hata meno ya bandia yanatafuna. Tulicheka wote watatu, tukanunua juisi nyingine.

Kuanzia hapo Kariakoo nzima ikajua mwenye tabo ni yeye. Vijana wa Msimbazi walikuwa wanaliinamia gari lake kusoma ile nembo, wanamwomba afungue boneti, na yeye anasema siku nyingine, ana haraka. Mimi napita na tabo ya kweli wanadhani nimepaka rangi ili kuficha ajali. Kuna mmoja aliwahi kunipa pole. Nilijichekesha, lakini nilikasirika, na hasira hiyo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Niliing'oa mwenyewe, nikaigawa mwenyewe.

Halafu akapata mchumba. Binti wa Kariakoo, wa nyumba ya vyumba sita karibu na sokoni, watu wa Pangani waliohamia enzi za babu yao. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mjini. Alikuja dukani kwa mtani kurudisha redio mbovu, akamgombeza mpaka mtani akampenda. Nilimwona mara tatu au nne. Alikuwa hapendi kupanda lile gari kwa sababu ya nailoni, akikaa anatandika kanga kwanza. Mtani alikuwa hasikii la mtu juu yake. Mtu aliyekuwa anakesha akiwaza rimu alianza kuwaza kitanda, kabati, na chumba cha kupanga chenye choo chake.

Baba wa binti alishafariki. Aliyekuwa anasimama badala yake ni mjomba wa binti, muuza vipuri vya magari, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Huyo mzee alishatendwa. Mpwa wake wa kwanza aliolewa na mtu aliyekuja na saa, na suti, na gari, na kila kimoja kilikuwa cha kuazima. Ndoa haikufika mwaka. Kwa hiyo alimwambia mtani wangu waziwazi, tena mimi nikiwepo: "Kijana, mimi mali siitafuti. Kazi yangu kutwa ni watu kuniuzia vipuri bandia wakiapa ni vyenyewe. Nyumbani sitaki kuapiwa. Uwe na kidogo, lakini kiwe kile unachosema." Mtani akasema, "Nimekuelewa, mjomba." Akatoka pale akiwa mwepesi, kwa sababu kweli hakuwa mwongo. Duka lilikuwa lake. Vyombo vilikuwa vyake. Alikuwa amesahau kwamba ana nembo ya mtu.

Mimi sikusahau.

Siku ya kupeleka posa, kwa desturi, mwenye posa haingii ndani. Wanaingia wazee na barua. Lakini mtani alitaka awapeleke wazee wake mwenyewe kwa gari lake, kisha asubiri nje. Mzee wake alitoka Iringa na koti lake la sherehe, akakaa mbele. Mshenga na mdogo wa yule mzee wakapanda langu, maana kiti cha nyuma cha magari yetu hakikai mtu mzima mwenye magoti. Gari jekundu lilikuwa limesuguliwa tangu alfajiri. Tulifika baada ya alasiri, wazee wakapokelewa, sisi tukabaki barabarani tumeegemea, yeye amevaa suti ya Kaunda, mikono haijui pa kukaa.

Ndani waliongea vizuri. Tulisikia vicheko. Mzee wake alitoka mlangoni akatuashiria kwa kichwa kwamba mambo yanakwenda. Nyuma yake akatoka mjomba, anafuta miwani, na wanawake wakajipanga dirishani nyuma ya pazia. Mjomba alikuwa na uso mwepesi siku ile, sijawahi kumwona vile. Alikuja akalizunguka gari jekundu kama fundi anavyozunguka, akapapasa spoila, akainama kwenye ile nembo.

"Shikamoo, mjomba," alisema mtani.

"Marahaba. Hii tabo yenyewe?"

Ilikuwa nafasi ya kusema hapana. Angesema hapana, ni pambo tu mjomba, mzee angecheka na kumpenda zaidi, nina hakika. Lakini baba yake amesimama pale na koti lake, mchumba yuko dirishani, na vijana wa mtaa wameshakusanyika. Akasema, "Ndiyo, mjomba. Ndiyo yenyewe."

Mwenyezi Mungu anisamehe. Kwa kile kitambo kifupi nilisikia vitu viwili. Nilisikia kwamba hapa pana mzaha mzuri wa kitani, siku ya posa, mahali pake hasa, maana mtani asipofanya vituko siku kama hiyo anaonekana hana mapenzi. Na nilisikia ile hasira yangu ya siku nyingi inanyanyuka. Nikaiachia hasira ivae nguo za mzaha.

Nilikuwa na kisu changu cha kufungulia marobota. Nilipita katikati yao, nikakiingiza chini ya nembo, nikaing'oa, nikainyanyua juu. "Mtani, nachukua changu," nikasema. "Nilikupa ujishikize, umejisahau. Ukitaka ukomboe kwa kreti ya soda."

Mzee wake kutoka Iringa alicheka. Yeye anaujua utani, alicheka kwa dhati, akapiga paja. Na mtani akacheka pia, maana sheria ndiyo hiyo, hukasiriki. Nilimwona meno, sikumwona macho.

Lakini watu wa Pangani si watani wetu. Hilo ndilo sikulifikiria, au nililifikiria nikalipita. Utani wetu ulikuwa baina ya Mngoni na Mhehe. Mjomba hakuwa ndani yake. Yeye hakuona mzaha. Yeye aliona shahidi ametoka upande wa bwana harusi mwenyewe, tena rafiki yake, akimuumbua kwa uongo uliosemwa muda huohuo. Aliinama tena. Pale nembo ilipokuwa, rangi ilikuwa haijapauka na jua, na ndani ya ule wekundu mbichi zilionekana wazi alama za zile herufi mbili za toleo la kawaida. Mafundi wote wa Gerezani walizijua herufi zile. Mjomba alizigusa kwa ncha ya kidole, akavaa miwani yake.

"Karibuni ndani mmalizie chai," aliwaambia wazee. Sisi hakutuangalia.

Pazia la dirishani likashushwa. Njiani kurudi mshenga alinisifu, akasema nimechangamsha shughuli.

Jibu la posa lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa la heshima sana: binti bado anasoma. Binti alikuwa ameshaajiriwa miaka mitatu. Mtani alikwenda mara mbili kumwangukia mjomba, mara zote aliambiwa mzee amelala.

Siku moja asubuhi Mchikichini akaja mbeba mzigo na mkokoteni, ndani yake kreti moja ya soda, imejaa. "Nimetumwa," akasema, "naambiwa ulisema hivi ndivyo inavyokombolewa." Nikaiacha meza, nikatembea mpaka Kariakoo na nembo mfukoni. Nilimkuta dukani. Lile gari jekundu lilikuwa nje, na nilipita bila kulitambua. Alikuwa amevua kila kitu. Spoila, ulimi, tai, bendera, RUKSA, nailoni, vyote. Mistari ya njano alikuwa ameikwangua kwa msasa mpaka bati. Limekuwa tupu kama nilivyokuwa napenda.

Niliweka nembo juu ya kaunta. Nikasema, "Mtani, ule ulikuwa utani."

Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimelipa." Akaisukuma nembo kwangu kwa kidole. "Kaa nayo." Akageuka kumhudumia mteja wa betri.

Sikumkasirikia yeye, nilimkasirikia mjomba. Miezi mingi nilimtukana yule mzee kwenye kila kijiwe, nikasema ana roho ya kutu, eti anamnyima binti mume kwa ajili ya kipande cha plastiki. Watu waliniunga mkono. Ni daktari peke yake aliyekataa kuniunga. Jumapili moja tumebaki wawili pale kwenye juisi, mtani haji tena, nikamaliza kumtukana mzee, naye akaniambia polepole, "Mimi siujui utani wenu. Lakini kung'oa ni kazi yangu, na sijawahi kumng'oa mtu bila kumwambia kwanza afungue mdomo." Nilimwambia anywe juisi yake. Sikurudi Upanga.

Binti niliwahi kukutana naye. Alikuja Mchikichini kutafuta viatu, akanitambua kabla sijamtambua. Nikaanza maneno yangu yale ya mjomba ana roho ngumu. Akanikatisha. "Mjomba ningemlainisha mwenyewe," alisema. "Gari lake nilikuwa najua si tabo, alishaniambia. Ila niliona ulivyoinyanyua ile nembo. Hukuwa unacheza." Akarudisha kiatu mezani, kikiwa kimepangwa na mwenzake, akaondoka. Baadaye nilisikia ameolewa Tanga.

Mtani aliuza nusu yake ya duka akahamia Makambako. Gari langu la tabo niliuza kwa mtu ambaye jambo la kwanza alilouliza ni nembo iko wapi. Nilimwambia imepotea.

Miaka ikapita. Mama yangu akafariki, Ilala, nyumbani kwangu. Tulikaa matanga siku mbili kabla ya kumsafirisha kwenda Songea. Wahehe wa mjini walikuja kama inavyotakiwa. Mmoja alivaa gauni la marehemu akamwigiza anavyotembea, mwingine akakalia jeneza, na mimi nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, kama mtu anavyopaswa kuzikiwa mama. Na katikati ya fujo hiyo nikamwona anaingia getini. Amenenepa, ameota mvi. Alikuwa Dar kwa shughuli zake, akasikia.

Nembo ilikuwa kwenye kopo la misumari, chumbani. Nilikimbia kuichukua. Nilijua atafanya nini, nilijua kabisa. Angeninyang'anya viatu, angelala mlangoni akazuia jeneza, angenitukana mimi na marehemu mbele ya ukoo mzima, na ningemtolea ile nembo kama fidia, na watu wangecheka bila kujua wanachekea nini. Nilitoka nayo mkononi, nikasimama mbele yake, nikangoja anitukane.

Alivua kofia. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikisha kwenye kiwiko, kama unavyompa mkono mtu mnayeheshimiana naye, asiye mtani wako.

"Pole sana, ndugu," alisema. "Mungu awape nguvu."

Akaenda kukaa mkekani na majirani, kimya, mpaka tulipoondoka na mwili.